Kalipa ya Kazi Chafu

Mama Stoo aliziweka kalipa tatu juu ya kaunta ya duka la vifaa, akazichunguza kama mtu anayechagua samaki, yaani mdomoni kwanza. Kalipa ni chombo cha kubana: taya moja imesimama, nyingine inateleza kwenye rula, unabana kitu katikati halafu unasoma unene wake. Ukizifunga taya zikiwa tupu na kuzielekeza dirishani, kalipa nzuri haipitishi hata uzi wa mwanga.

Muuza duka, mwanamume mwenye penseli sikioni, aliisukuma mbele ile iliyong'aa kuliko zote.

"Chukua hii ya betri, dada. Inasoma yenyewe. Wewe kazi yako kutazama tu."

"Ikiingia mafuta?"

"Usiitie mafuta."

"Na vumbi la chuma?"

"Usiiweke kwenye vumbi."

"Kwa hiyo niitundike sebuleni, karibu na picha ya harusi."

Muuza duka alicheka, akaisogeza pembeni. Ya pili ilikuwa na kisaa cha mshale mgongoni. Mama Stoo aliisukuma taya mbele na nyuma, mshale ukazunguka taratibu kama mtu aliyeshiba.

"Hiyo ni nzuri, lakini nisikudanganye," alisema muuza duka, kwa huzuni ya mfanyabiashara mkweli. "Chembe moja ya chuma ikikaa kwenye meno yake, mshale unaruka. Kwani kazi yenyewe ni ipi?"

"Kazi chafu."

"Chafu ya namna gani? Maana kuna chafu ya gereji na kuna chafu ya mtaro."

"Kupima diski za breki. Na kupima watu."

"Watu wa mashine ya kusaga?"

"Hao hao."

"Ungesema mapema. Jasho la mtu wa kusaga linaua betri kuliko mafuta." Aliinama chini ya kaunta akaibuka na sanduku la mbao. "Chukua ya chuma kavu, yenye mistari tu. Ikianguka unaiokota, ikichafuka unaifuta. Haina kitu ndani cha kufa."

Sanduku lilikuwa limejaa kalipa za namna hiyo, zimelaliana kama sindano. Mama Stoo akaanza kuzitoa moja moja.

Mama Stoo hakuwa na mtoto. Lakini ukishika funguo za stoo ya karakana utaitwa mama tu, na wanaume wazima wenye ndevu watakuja kukulilia wakitaka tambara. Karakana yake ilisaga diski za breki, yale masahani ya chuma yanayobanwa gari linapotakiwa kusimama. Diski ikitumika sana inapata makovu. Inaletwa, inafungwa kwenye mashine, jiwe linazunguka, makovu yanaondoka, diski inatoka laini na nyembamba kidogo kuliko ilivyoingia. Mtu aliyeisaga naye anatoka mwembamba kidogo kuliko alivyoingia. Ndivyo kazi hiyo ilivyo. Jioni vumbi lilifagiliwa kwenye ndoo moja, la chuma na la watu, na hakuna aliyeona haja ya kulitenganisha.

Zamani wafanyakazi waliwahi kwenda kwa daktari. Daktari aliwagonga mgongoni, akasikia mlio wa bati, akaandika kwamba wana afya njema isipokuwa ni wembamba.

Sasa, diski ina unene wake wa mwisho. Ikishuka chini ya hapo haisagwi tena, inatupwa, kwa sababu inaweza kupasuka ikaua watu. Bosi aliuona utaratibu huo ni mzuri na hauna upendeleo, akautumia kwa watu pia. Fundi rangi aliitwa, akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: UNENE WA MWISHO, DISKI NA WATU, MILIMITA 20. Kila mwisho wa mwezi Mama Stoo aliwapima wenzake kifuani, chini ya titi la kushoto, mahali moyo unapogonga, maana hapo ndipo mtu wa kusaga anapobaki mnene kuliko kwingine. Anayepimwa alitakiwa atoe pumzi yote kwanza, asijijaze. Aliyekutwa chini ya ishirini alivua ovaroli, akaikunja, akaaga. Hakupewa kitu. Bosi alisema hata diski ikitupwa haipewi bahasha.

Bosi mwenyewe hakuwahi kupimwa. Alikuwa akiongezeka mwaka hadi mwaka, na hapakuwa na kalipa yenye taya za kumtosha.

Kalipa moja nzuri sana ilikuwepo. Ilikaa ofisini kwa Bosi, kwenye kabati la kioo, ndani ya kisanduku cha mahameli ya bluu. Wafanyakazi waliiita kalipa ya wageni, kwa sababu ilikuwa kama vile vikombe ambavyo kila nyumba inavyo na hakuna wa nyumba hiyo aliyewahi kuvinywea. Kazi zote za mafuta na jasho zilifanywa na kalipa kuukuu ya stoo, ambayo taya zake zilikuwa zimelika. Na kalipa iliyolika taya inasoma pungufu.

Hilo hawakulijua mpaka alipoondoka Mzee Gurudumu. Ndiye aliyemfundisha Mama Stoo kusoma mistari ya kalipa, alipokuwa binti mwenye suruali inayomvuka. Mwezi ule alikutwa chini ya ishirini kwa nusu tu.

"Rudia, binti," alimwambia. "Funga taratibu. Usinibane kama una hasira na mimi."

Alirudia. Ikawa vile vile. Mzee akakunja ovaroli yake, kola juu kama inavyotakiwa, akaenda zake.

Haukupita muda, mteja mmoja akarudi na diski yake akilalamika kwamba imekataliwa ilhali ni nzima. Bosi aliipima mwenyewe kwa kalipa ya wageni, akakuta ni nzima kweli. Alimwomba mteja radhi, akamwagizia soda, diski ikafungwa kwenye gari siku hiyo hiyo. Mama Stoo, aliyekuwa amesimama na tambara mkononi, akapiga hesabu ya mtu badala ya diski. Mzee Gurudumu alikuwa na ishirini zake na ziada.

Akamfuata Bosi ofisini.

"Bosi, na Mzee Gurudumu alikuwa mzima. Ni kalipa ilimpunja."

"Nimeshaelewa."

"Basi tumwite."

"Nafasi yake ina mtu. Halafu nikimwita huyo, kesho wote waliotoka watakuja na vifua vyao hapo mlangoni. Nenda kanunue kalipa nyingine. Ya bei ndogo, ya hizi kazi chafu."

"Si tutumie hii ya kabatini?"

Bosi alimtazama kama mtu aliyeombwa mswaki wake. "Kwenye jasho la watu?"

Diski ilirudishwa. Mzee hakurudishwa. Alikuwa nyumbani kwa mwanawe, ameviringishwa nyuma ya mlango kama mkeka, na mke wa mwanawe alimkunjua wakati wa chakula. Mama Stoo alikwenda kumwona, akakaa chini, akamweleza habari ya kalipa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo nilikuwa na ziada," akaomba aviringishwe tena kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Hasira ya Mama Stoo haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile inayofua nguo safi mara ya pili. Aliifua njia nzima kutoka kwa Mzee mpaka dukani, na alipofika kwenye sanduku la kalipa alikuwa anamfikiria mtu mmoja tu: kaka yake, tumbo moja, ambaye mwezi uliopita alikuwa amebakiza unene wa ukucha tu juu ya ishirini.

Kaka yake aliitwa Nyundo. Jina hilo alilipata alipoajiriwa, enzi za kifua chake, na hakuna aliyehangaika kulibadilisha.

"Hiyo hapana, dada," alisema muuza duka. "Iache. Hiyo ina kasoro."

Mama Stoo alikuwa ameshika kalipa iliyofanana na nyingine zote. Aliifunga, akaielekeza mlangoni. Uzi wa mwanga ulipita.

"Ina kipele cha chuma kwenye taya, hapo ndani," alisema muuza duka. "Haifungi mpaka mwisho. Kila unachopima inakiongezea."

"Inaongeza kiasi gani?"

"Kama ukucha. Nilikuwa niirudishe kiwandani."

Mama Stoo aliifunga na kuifungua mara kadhaa. Alipitisha kidole kwenye kile kipele, akakisikia, kidogo na kikali kama jino la mtoto.

"Nifungie hii."

Muuza duka aliitoa penseli sikioni, akairudisha bila kuandika kitu. "Una ndugu pale?"

"Kaka."

"Basi usiipige msasa," alisema, na akaifunga kwenye gazeti.

Jioni hiyo alimkuta kaka yake ukumbini na mkewe. Wifi alikuwa anamshonea suruali mifuko zaidi, akiijaza nati kuukuu, maana siku hizo upepo ulikuwa unamchukua hata kutoka mlangoni hadi bombani. Nyundo alikaa kitini kwa ubavu. Taa ilikuwa nyuma yake, na ukitazama vizuri uliliona shati lake lote, la mbele na la mgongoni, kwa pamoja.

"Mwenye taya zake huyo," alisema Nyundo. "Umeninunulia kifaa cha kunifukuzia?"

"Nyamaza, kaka. Simama."

"Wewe mdogo wangu una haraka. Mbu wenyewe hawana haraka na mimi tena, wananipita wakidhani ni pazia."

Alimpima pale pale, juu ya shati. Alisoma mstari, akasoma tena, akamwonesha wifi, ingawa wifi hakujua kusoma mistari ile. Ilikuwa ishirini na moja.

"Nimenenepa?" aliuliza Nyundo.

"Umenenepa."

Nyundo alimtazama dada yake, kisha kalipa, kisha dada yake. Walikuwa wamekua pamoja na hakukuwa na uongo wa huyu ambao yule hakuujua kwa harufu. "Ni mihogo hiyo," alisema, na wifi akaendelea kushona.

Mwisho wa mwezi watu walipanga foleni kwenye mlango wa stoo, vifua wazi. Walitoa pumzi, wakabanwa, wakaambiwa namba zao. Wote walipita. Yule wa mashine ya pembeni, aliyekuwa ameshawaaga watu na kugawa soksi zake za kazini, alipita pia, na akatumia siku mbili kuzikusanya soksi. Hakuna aliyeuliza. Ila Mama Stoo aliwaambia jambo moja, mmoja mmoja, kwa sauti ya kawaida kama anayewaambia wafunge mlango: "Ukipima diski, toa ukucha. Ukipima mtu, usitoe."

Ikawa ndiyo kanuni ya karakana. Diski unatoa, mtu hutoi. Anayesahau kutoa kwenye diski angeua familia nzima barabarani, watu asiowajua, na hakuna aliyesahau hata siku moja.

Tatizo ni kwamba kipele kilikuwa kimoja na jiwe lilikuwa linazunguka kila siku. Ukucha uliisha. Hapo ndipo Mama Stoo alipoacha kuifuta kalipa. Grisi ilikaa kwenye taya, vumbi likakaa juu ya grisi, jasho likaja juu ya vumbi, vikashikana na kukauka. Taya zikaota ugaga kama meno ya mtu aliyegombana na mswaki. Kila mwezi ugaga uliongezeka kidogo, na kila mwezi wafanyakazi walipungua kidogo, na vitu hivyo viwili vilikwenda sambamba kama ng'ombe wa jembe moja. Mtu mmoja tu mgeni aliwahi kuichukua akaanza kuisugua kwa mafuta ya taa, kwa nia njema kabisa. Wenzake watatu walimshika mikono wakamkalisha chini, wakamweleza. Kutoka siku hiyo naye aliitemea mate ya heri kila alipopita.

Kazi ya kutoa kwenye diski ikawa kubwa zaidi. Mama Stoo aliandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo kiasi cha kutoa mwezi huo. Mwanzo ulikuwa ukucha. Kisha zikawa milimita mbili. Kisha nne. Alipoandika saba alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaitazama ile saba kwa muda mrefu, kwa sababu alijua ile saba ilikuwa imetoka wapi.

Mashineni hakuna kilichobadilika, isipokuwa vitu vidogo vidogo. Nyundo hakufungua tena mlango wa choo. Alipita kwenye ufa wa pembeni yake. Glavu zilimkaa kama zimetundikwa kwenye kamba. Wakati wa chakula aliulizwa chai inakwenda wapi, akasema inashuka kama mvua kwenye kioo, ukitaka kaa utazame. Watu walicheka. Mama Stoo alicheka nao, kisha akaingia stoo akapanga upya matambara yaliyokuwa yamepangwa.

Bosi alifurahi mwaka ule. Hakuna aliyeshuka chini ya ishirini, na hakujua kwa nini, na hakuwa mtu wa kuuliza kuhusu neema. Habari zikaenea kwamba ana watu wanaodumu. Zikamfikia mwenye mabasi.

Mwenye mabasi alikuwa na mabasi mengi na kila basi lilikuwa na diski zake. Alikuja mwenyewe, amevaa viatu vya kamba visivyofaa kwenye grisi, akapita akiruka madimbwi. Bosi alitembea pembeni yake akiwa na kisanduku cha mahameli kwapani. Mama Stoo alikiona kile kisanduku akiwa mlangoni mwa stoo.

"Nasikia watu wako hawaishi," alisema mwenye mabasi.

"Hawaishi. Nyundo! Njoo umwoneshe mgeni kifua."

Nyundo alizima mashine, akaja kwa mwendo wake wa ubavu, nati zikigongana mifukoni.

"Bosi," alisema Mama Stoo, "subiri nilete kalipa yetu. Hiyo utaichafua."

"Leo ichafuke. Kuna mgeni."

"Nipe basi nimpime mimi. Nimezoea."

"Mama Stoo, hebu sogea."

Hakusogea. Bosi alimzunguka, na alivyokuwa mnene ilimchukua muda. Akafungua vifungo vya Nyundo. Nyundo, kwa mazoea, alitoa pumzi yote. Taya za kalipa ya wageni zilifunga chini ya titi lake la kushoto, zikaendelea kufunga, zikaendelea, na ziliposimama Bosi alisoma, akaivuta kalipa karibu na macho, akasoma tena.

"Kumi na nne," alisema.

"Si ulisema ishirini?" aliuliza mwenye mabasi.

Mashine zote zilikuwa zimezimwa. Bosi aliagiza kalipa ya stoo iletwe. Hakuna aliyekwenda kuichukua, akaenda mwenyewe, akarudi ameishika kwa vidole viwili. Aliifunga ikiwa tupu. Taya ziligusana kwa ugaga, na katikati yake ingeweza kupita punje ya mbaazi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Mama Stoo. "Niliichagua mwenyewe dukani, yenye kasoro. Muuzaji alinikataza. Kisha nikaiacha ichafuke kwa makusudi. Ulimtupa Mzee Gurudumu kwa taya mbovu, na ulipojua ni mbovu ukarudisha diski ukamwacha mtu. Basi na mimi nimetumia taya mbovu. Kwangu umeona mbaya, kwako ulikuwa utaratibu."

Alisema yote hayo bila kupandisha sauti, ila kila neno lilitoka likiwa na joto lake, na walio karibu walirudi nyuma kidogo kama mbele ya tanuri. Alikuwa tayari. Alikuwa ameshaanza kufungua kamba ya funguo kiunoni.

Bosi hakukasirika. Alikuwa anamtazama Nyundo. Alimgeuza kushoto, akamgeuza kulia, akamwinua kidogo kwenye mwanga wa dirisha.

"Huyu mwezi uliopita amesaga diski nyingi kama wengine?"

Alijibu yule wa mashine ya pembeni, ambaye alidhani anamtetea mwenzake. "Zaidi ya wengine, Bosi. Na hakuna iliyorudi."

"Na ninyi wengine mko kama yeye?"

Mwanga wa dirisha ulikuwa umeshamjibu, uliwapita wote ukaenda kutua ukutani.

"Kumbe," alisema Bosi, na uso wake ukafunguka polepole, kama wa mtu aliyekuta chumba kingine kwenye nyumba yake mwenyewe. "Kumbe mlikuwa na nyama yote hii mnanificha."

"Kumi na nne na bado anasaga," alisema mwenye mabasi. "Hawa ndio watu wa kazi."

"Miaka yote hiyo natupa watu ambao wangesagika tena." Bosi alitikisa kichwa, kwa majuto ya kweli. Aliushika mkono wa Mama Stoo akautikisa. "Umenifungua macho."

"Nilikudanganya, Bosi. Mwaka mzima."

"Na nimekusamehe. Ulitaka kaka yako asifukuzwe, hajafukuzwa. Sasa hasira ya nini?"

Mchana huo huo fundi rangi aliitwa. Hakuhangaika kufuta maneno yote. Alikwangua mbili akaweka moja, na sifuri akaipitia tu ili zifanane. UNENE WA MWISHO, DISKI NA WATU, MILIMITA 10. Kisha Bosi akakumbuka kwamba diski za kumi zinaweza kupasuka zikaua abiria, na mwenye mabasi hangekubali. Akamrudisha fundi afute neno DISKI. Diski zilibaki na ishirini zao.

Mama Stoo alimvuta kaka yake stoo, akafunga mlango.

"Tuondoke."

"Twende wapi?"

"Popote. Leo. Nitakubeba."

"Mdogo wangu." Nyundo aliegemea rafu, kwa uangalifu, asiingie katikati ya mbao. "Nani atamwajiri mtu wa kumi na nne? Labda mwenye vitabu, anitumie kuweka alama ya ukurasa."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Wifi yako na watoto nao utawabeba? Na hawa wengine, utawaviringisha wote uwatie kwapani?" Alitazama dirishani, ambako mti wa nje ulikuwa unainama na kuinuka. "Halafu nje kuna upepo."

"Mimi ndiye niliyemwonesha, kaka. Nimemwonesha mnafika mpaka wapi."

"Asingeona kwako angeona kwa mwingine," alisema Nyundo, kwa upole, na hilo ndilo lililomwudhi zaidi. "Nipe tambara. Mabasi yameshaanza kuingia."

Akampa tambara. Nyundo alipita chini ya mlango bila kuufungua.

Mama Stoo alitoka akaenda moja kwa moja ukutani. Rangi ilikuwa bado mbichi. Aliweka kiganja juu ya ile kumi akaisugua, akaisugua kwa mikono miwili na uzito wote wa mwili wake, ambao ulikuwa mwili mzima, wa mtu asiyesaga, mpaka pale palipoandikwa namba pakabaki doa kubwa jekundu na mikono yake ikawa myekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa anasema kitu, lakini mashine zilikuwa zimeshawashwa na hakuna aliyesikia. Wengine waliinua macho. Hakuna aliyemzuia, na hakuna aliyekuja kusaidia, kwa kuwa ukiliacha basi hata moja, foleni inarefuka. Bosi alimtazama kupitia kioo cha ofisi. Akamwacha amalize. Alimhesabu kuwa mfanyakazi mzuri, na watu wazuri huwa na siku zao.

Asubuhi fundi rangi alirudi. Alilisafisha doa kwa brashi ya waya, akafungua kopo, akatazama ndani, akaliinamisha, akaenda nalo mlangoni mwa ofisi.

"Bosi, ile nyekundu imebaki kidogo. Haitoshi namba mbili."

Bosi alikuwa kwenye simu na mwenye mabasi. Aliziba simu kwa kiganja.

"Weka tisa basi," alisema.

Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja, wakasimama mbele ya ukuta, wakasoma, kila mmoja akijigusa kifuani. Nyundo alifika wa mwisho kwa sababu ya upepo. Mama Stoo alimsubiri pale, mikono yake bado ina wekundu kwenye kucha. Alikaa karibu naye akimtazama anavyosoma, na aliona midomo yake ikipiga hesabu ndogo, kumi na nne toa tisa, kama mtoto wa shule. Alimwona akiridhika.

"Si haba," alisema Nyundo. "Bado nina nafasi."

Akafunga glavu kwenye vifundo vya mikono kwa uzi, akawasha mashine, akaliegemea jiwe.